Mlima Unaoingia Chumbani

Mvua ikikolea, makundi ya simu ya wapenda milima wa Kampala, Mbarara na Mbale hubadilika sura. Wiki chache nyuma zilikuwa picha za maporomoko ya Sipi na orodha ya nani kalipia kiti. Sasa ni safari zilizoahirishwa, na katikati yake mtu anauza viatu vyake vya mlimani kwa bei ya kutupa. Tafsiri inayotolewa ni ileile kila msimu: ilikuwa fasheni ya vijana wa mjini, mvua imeizima. Naiona tafsiri hiyo imeanzia pabaya. Watu hawajauchoka mlima. Walichokosa ni kazi ya kuufanyia mlima huo wakiwa wamefungiwa ndani, na pengo hilo wamelijaza kwa vitu visivyofanana na kile walichokipenda. Shughuli ya ndani inayomfaa mtu wa nje ni ile ambayo matokeo yake atayabeba siku ya safari. Ile inayojaribu kuchukua nafasi ya safari yenyewe hufa ndani ya wiki mbili, hata iwe imegharimu kiasi gani. Tena hizo zinazodumu ndizo za bei ndogo: kikomo cha shilingi 20,000 kwa msimu mzima kinatosha kuanza.

Tukumbushane kwanza kwa nini kukaa ndani ni jambo la kawaida kwetu. Sehemu kubwa ya kusini na katikati ya Uganda hupata mvua mara mbili kwa mwaka, takriban Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi mwanzoni mwa Desemba. Milima ya Rwenzori haina ukame wa kweli. Desemba hadi Februari na Juni hadi Agosti ni nafuu tu, matope yanapungua bila kwisha. Kwa hiyo mtu anayeipenda njia ya mlimani hukosa hali nzuri karibu nusu ya mwaka. Na kuahirisha si woga. Bududa, tarehe 1 Machi 2010, na Bulambuli, Novemba 2024, udongo wa miteremko ya Elgon ulishuka ukafukia makazi ya watu. Kiongozi wa kikundi anayefuta safari ya Elgon baada ya siku nne za mvua mfululizo anafanya kazi yake.

Halafu kuna somo la 2020, ambalo nadhani tulilielewa kinyume. Aprili mwaka huo, mazoezi ya nje yalipopigwa marufuku, Rais Museveni alitoa video akikimbia peku ndani ya ofisi yake, huku na huku, kisha akapiga pushapu 30. Nchi nzima ikaiga. Tangu hapo neno "shughuli ya ndani" kwa watu wengi lina maana moja: jasho. Amri ya kutotoka usiku ilidumu hadi Januari 2022, na wengi waliotoka humo walikuwa na kamba ya kuruka iliyosahaulika mvunguni, huku ujuzi wa kusoma mlima ukiwa uleule waliokuwa nao kabla ya karantini.

Wanaotetea jasho wana hoja, na nzito. Miguu husahau haraka. Mwezi mmoja wa kukaa humfanya mtu alipe siku ya kwanza ya safari, hasa kwenye kushuka, maana msuli wa paja unaumizwa zaidi unapofanya kazi ya kuzuia mwili usianguke kuliko unapousukuma juu. Dawa yake ya ndani ni rahisi: benchi imara la sentimita 30, begi lenye kilo 5 za mchanga au chupa za maji, panda kwa mguu mmoja na ushuke polepole ukihesabu moja hadi tatu. Kushuka huko kwa polepole ndiko kwenye faida. Wengi hujidondosha kisha hushangaa magoti kuuma. Dakika 20 mara tatu kwa wiki zinatosha kulinda ulichonacho. Hesabu nyingine nayo ichukuliwe kwa uangalifu: mita 1,700 za kupanda ni karibu mara 5,700 kwenye benchi hilo. Hakuna atakayezipanda kwa mkupuo mmoja, na asiyekubali hilo mapema ndiye anayeacha. Benchi ni la kutunza mwili. Halimpi mtu sababu ya kuamka Jumamosi akiwa na hamu.

Hamu inatoka kwenye ramani. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye utajiri na ndipo watu wetu hupita haraka. Wengi wanaopanda milima Uganda hufuata mgongo wa mwongozaji kuanzia getini hadi kileleni, na wakirudi hawawezi kukuonyesha kwa kidole walipita bega gani la mlima. Kujenga mlima wa maboksi hukuondolea upofu huo kuliko kitu chochote ninachokijua, na unahitaji maboksi matupu ya dukani, wembe wa kukatia karatasi, karatasi moja ya kaboni na unga wa muhogo.

Anza na mlima wenye umbo rahisi. Muhavura, volkano ya mita 4,127 kusini-magharibi mwa Uganda, una umbo la pia moja tupu, hauna vilele vingi vinavyogombana kama Rwenzori. Fungua OpenTopoMap kwenye simu, ramani ya bure yenye kontua za mita, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye urefu sawa, piga picha ya skrini ukihakikisha mstari wa kipimo unaonekana, kisha chapisha. Kosa la kwanza hutokea hapahapa: mtu huamini asilimia anayotajiwa na mwenye mashine. Usiamini. Pima mstari wa kipimo kwa rula. Kilomita moja ikitoa sentimita 4, una skeli ya 1:25,000, nayo ndiyo unayoitaka. Ikitoa sentimita 2, una 1:50,000. Kukuza kutoka A4 kwenda A3 ni asilimia 141, na ukifanya hivyo mara mbili unapata karibu asilimia 200. Vibanda vya Nasser Road, mtaa wa wachapishaji wa Kampala, hufanya kazi hiyo huku ukisubiri.

Kwa nini 1:25,000? Kwa sababu kwenye skeli hiyo mita 100 za urefu ni milimita 4, na kadibodi ya kawaida ya boksi yenye mawimbi ndani ina unene wa milimita 3 hadi 4. Kila tabaka moja la boksi ni kontua moja ya mita 100, na mlima unatoka na urefu wake wa kweli bila kutiwa chumvi. Panga vipande kumi upime rundo lote kabla ya kuanza. Rundo likiwa sentimita 3, mlima wako utakuwa bapa kwa robo, na ni vyema kulijua hilo kuliko kudanganywa nalo. Kutoka kontua ya 2,400 hadi ya 4,100 ni tabaka 18, yaani milimita 72 kwenda juu. Unakaa juu ya sinia.

Chora kila kontua kwenye boksi kwa kaboni, na kwenye kipande hichohicho chora pia kontua inayofuata juu yake. Mstari huo wa pili hukatwi. Ndio unaokuonyesha mahali pa kuketisha tabaka lijalo. Wanaouruka hujikuta mlima umeteleza upande mmoja kufikia tabaka la nane. Kata kwa wembe mpya kwa mipito mitatu myepesi, kwani wembe butu hukandamiza mawimbi na ukingo unakuwa kama mkate ulioumwa. Geuza mwelekeo wa mawimbi kila tabaka, moja kwa wima na lingine kwa mlalo, ili boksi lisijikunje. Gundi: vijiko viwili vya chakula vya unga wa muhogo katika kikombe kimoja cha maji baridi, koroga hadi mabonge yaishe, ndipo uweke kwenye moto mdogo ukikoroga mpaka uji uwe wa kung'aa. Ukiumimina unga kwenye maji ya moto tangu mwanzo utapata mabonge hadi mwisho. Paka kiasi kidogo. Ikizidi, boksi hunywa maji na kupinda. Liache lilale usiku na matofali mawili juu yake. Kijiko kidogo cha siki kinachelewesha ukungu, lakini hakimzuii mende, ambaye wanga ni chakula chake, kwa hiyo ukimaliza paka rangi ya ukutani iliyobaki kwa jirani.

Mlima ukikauka ndipo kazi huanza. Kata kipande cha karatasi ukitie alama za milimita 4, 7 na 11. Umbali kati ya kontua mbili ukiwa milimita 4, mteremko ni nyuzi 45. Milimita 7 ni karibu nyuzi 30. Milimita 11 ni nyuzi 20. Tembeza karatasi hiyo juu ya njia unayokusudia kupita na utaona mwenyewe ni wapi mikono itashika ardhi. Tandaza uzi juu ya njia, unyooshe, pima: kila sentimita 4 ni kilomita. Kisha tumia kanuni ya Mskoti William Naismith ya 1892, saa moja kwa kila kilomita 5 pamoja na saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 5 na mita 1,700 zinatoa saa tatu na dakika hamsini. Ongeza nusu yake kwa ajili ya matope na hewa nyembamba ya juu ya mita 3,000, na makadirio yako yatakuwa ya mtu mzima. Zima taa, shika tochi usawa wa meza upande wa mashariki: ndivyo vivuli vinavyolala saa moja asubuhi, na bonde litakalobaki giza utalijua kabla hujalifikia.

Mtu anaweza kuuliza, na ana haki: data hii ni ya kuaminika? Kontua za ramani hizo za bure zinatokana kwa sehemu kubwa na vipimo vya rada vilivyochukuliwa na chombo cha anga Februari 2000, vilivyoigawa ardhi katika vyumba, yaani miraba, vya takriban mita 30. Mwamba wa mita 10 unaweza kumezwa mzima ndani ya chumba kimoja. Basi mlima wa boksi haukuruhusu kumwacha mwongozaji nyumbani. Unakuruhusu kumwuliza maswali yenye akili.

Kamba nazo zina hoja hiyohiyo kwa maneno machache. Vipande viwili vya mita mbili, milimita 6 hadi 8, vinatosha. Jifunze mafundo manne tu: kitanzi kisichojikaza, fundo la nane, fundo la kuunga kamba mbili za unene tofauti, na lile la kamba ya hema linaloteleza kwa mkono na kushika likivutwa. Kosa la kawaida ni kuacha mkia mfupi. Kwenye nailoni inayoteleza, kitanzi kisicho na mzigo hulegea chenyewe, basi acha mkia wa angalau mara kumi na mbili ya unene wa kamba na uufunge. Ukishaweza, tumbukiza mikono kwenye beseni la maji baridi dakika tatu, fumba macho, funga tena. Utarudi darasa la kwanza, na hapo ndipo mazoezi yanapoanza kufanana na bonde la Bujuku, Rwenzori, saa kumi na mbili jioni.

Marekebisho ya vifaa ndiyo hobi inayodharauliwa kuliko zote, ilhali ndiyo inayorudisha pesa moja kwa moja. Chukua gambuti, kiatu ambacho mabwawa ya Rwenzori yanakidai kuliko buti lolote la dola mia mbili. Ikitoboka, wengi huenda kwa fundi wa pancha, wanabandikiwa kiraka cha tyubu, na siku ya pili kiraka kinaelea majini. Fundi hana kosa. Gundi ya pancha imetengenezwa kwa mpira, na gambuti nyingi za bei nafuu sokoni ni plastiki laini ya PVC. Ipime kwanza: gusa sehemu ya ndani ya juu kwa ncha ya msumari uliopashwa moto, dirisha likiwa wazi kwa sababu moshi wake unachoma koo. PVC huyeyuka na kuacha shimo laini. Mpira huungua na kunuka tairi. Kwa mpira: kwaruza kwa msasa hadi ng'aro iondoke, paka gundi nyembamba pande zote mbili, subiri dakika tano hadi kumi mpaka isinate kidoleni, ndipo ubandike na kugonga kwa nyundo. Wasio na subira hubandika ikiwa mbichi, na kimiminika kilichofungiwa ndani hufanya malengelenge. Kwa PVC: kata kiraka kwenye gambuti nyingine iliyokufa, tumia gundi ya vinili laini, kandamiza usiku kucha. Gundi ya mabomba ya maji inashika pia, ila hukauka ngumu na kupasuka pale kiatu kinapokunjwa.

Ndege nitawapitia haraka, si kwa sababu ni haba. Uganda ina zaidi ya aina 1,000, na hata kutoka dirisha la Ntinda, mtaa wa Kampala, utasikia kadhaa bila kuvaa viatu. Rekodi za sauti ziko bure kwenye tovuti ya xeno-canto; dakika moja ya sauti ni megabaiti moja au zaidi, jambo la kuzingatia tangu kodi ya asilimia 12 iwekwe kwenye data mwaka 2021. Pakua ndege watano, si hamsini. Wasikilize wiki nzima, kisha keti dirishani dakika 20 kwa saa ileile kila asubuhi na uandike unachosikia kabla ya unachoona. Anayeanza na orodha ndefu hujifunza majina ya ndege. Kusikia kunamshinda.

Sasa wapinzani. Kundi la kwanza ni la wale wanaosema hobi isiyoingiza pesa ni ya nini, na kila mvua hupendekeza uyoga. Siwadharau, uyoga wa kupanda ni kazi ya ndani, mtaji wake mdogo, na mtu wa msituni hupenda kuuona ukichomoza. Lakini tuseme kazi yote. Maganda ya pamba ya kuoteshea uyoga yanaloweshwa usiku mmoja, yanakamuliwa hadi ukishika konzi yatoke matone mawili matatu tu, yanapikwa kwa mvuke kwenye pipa saa tatu hadi nne, yanapozwa chini ya nyuzi joto 30, ndipo yanachanganywa na mbegu, kilo moja kwa kilo kumi hadi ishirini za maganda mabichi, na kufungwa kwenye kavera, mifuko ya plastiki, za kilo mbili. Wiki tatu hadi nne gizani mpaka mfuko uwe mweupe mzima, kisha matundu, unyevu, na kuvuna. Maganda yakibaki na maji mengi au yakipikwa nusu, ukungu wa kijani huchukua mfuko wote. Kuna kitu kingine ambacho wauzaji wa mbegu hawakitangazi: uyoga uliokomaa hutoa vumbi la mbegu linalokera mapafu, kwa hiyo haufai kabisa kukuzwa katika muzigo wa chumba kimoja ambamo mtu analala. Mwenye stoo ya nje, heri. Mwenye chumba kimoja ameuziwa kikohozi. Na hata ukifanikiwa, umekuwa mkulima. Ni jambo jema, ila halijibu swali la mpanda milima.

Kundi la pili linasema ndani ya nyumba kuna ludo, matatu ya karata na mweso wenye mashimo 32 na kete 64, vyatosha. Vinatosha kwa urafiki, na mweso una akili nyingi kuliko programu nyingi za simu. Ila mchezo huo ulikuwapo kabla hujaupenda mlima, na haukukuzuia kuutafuta.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ya subira: ngoja mvua iishe. Inasikika ya busara kwa sababu haigharimu chochote. Lakini ihesabu. Miezi kama sita kwa mwaka ya kungoja, kila mwaka, ina maana mtu wa miaka mitano ya kupanda ana ujuzi wa miaka miwili na nusu, tena uliokatwakatwa, kila msimu ukianza kwa kukumbuka ya msimu uliopita. Wakati huohuo hema lililokunjwa likiwa na unyevu linaoza mvunguni: utando wa ndani unaozuia maji huvunjwavunjwa na unyevu na joto, unaanza kunata kama asali, kisha unabanduka. Mwenye subira anarudi mlimani Desemba na mwili mzito, fundo lililosahaulika na hema linalovuja. Kusubiri kuna bei, inalipwa mlimani.

Haya yakikubaliwa, kuna mambo ya kubadilika kwenye vikundi vyenyewe. Nauli iliyorudishwa safari ikifutwa ndiyo mwisho wa habari kwa sasa, na Jumamosi inabaki tupu. Kikundi cha watu kumi na wawili kingeweza kugawana tabaka 18 za Muhavura, kila mtu akate moja au mbili nyumbani kwake kutoka ramani iliyochapishwa siku moja kwa mashine moja, maana mashine mbili tofauti hutoa skeli mbili tofauti na tabaka hazitaoana. Wakutane wakiwa na gundi, uzi na gambuti zao zinazovuja. Tabaka la 3,600 litakuwa limekatwa vibaya na mtu fulani; lirudiwe hapohapo, boksi lipo. Kabla hawajatawanyika, kila mmoja apewe uzi mwekundu atandaze njia yake ya kushukia endapo ukungu utafunga saa nane mchana, na mwongozaji, ambaye naye mvua imemkosesha kazi, alipwe posho ya kukaa na kuwaambia ni nyuzi zipi zinaishia kwenye korongo.